Mwalimu wa Masikio ya Ukurasa

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa hafungi chumba bila kuzifunika mashine. Alikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, vya aina ile ambayo watu wa Moshi hutandaza juu ya redio na kwenye migongo ya makochi, na kila kompyuta ilikuwa na chake. Masomo yakiisha alipita meza moja baada ya nyingine akizifunika taratibu, kama mtu anayelaza watoto. Tulimtania. "Mwalimu, zinasikia baridi?" Naye alijibu bila kugeuka, "Vumbi la mji huu halichagui. Leo litaingia kwenye kipanya, kesho kichwani kwako."

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati ambapo kila mtaa wa Moshi ulikuwa unafungua mahali pa intaneti na kila kijana aliyemaliza shule alikuwa anatafuta cheti cha kompyuta. Mimi niliingia pale kama mwanafunzi. Nilikuwa msichana anayejua kupiga taipu, basi. Baada ya kozi nikabaki kumsaidia kufundisha, na nikakaa naye miaka mingi kuliko nilivyokaa na mwajiri mwingine yeyote. Ndiyo maana nathubutu kumwelezea.

Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na sauti ambayo haikupanda hata umeme ulipokatika katikati ya zoezi na wanafunzi wakapiga kelele kwa sababu hawakuwa wamehifadhi kazi zao. "Andikeni tena," alisema gizani. "Mara ya pili huwa fupi na nzuri zaidi." Wengi walimchukia kwa dakika chache, kisha wakagundua kwamba ni kweli.

Kabla ya kompyuta alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali. Alipunguzwa kazini wakati ofisi nyingi zilipopunguza watu, akarudi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo wa marehemu mumewe, huko Masama mlimani, kwenye migomba na kahawa, na kila asubuhi alishuka mpaka Bomang'ombe, akapanda basi la Moshi kuja kutufundisha. Alikuwa na maisha mawili, na jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa la huko juu. Tangu biashara ya kahawa ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na magari yao mpaka mlangoni, bei ilikuwa inapanda msimu mmoja na kuanguka misimu inayofuata. Majirani zake walikuwa wamechoka. Mmoja baada ya mwingine walianza kung'oa mibuni na kupanda nyanya na mahindi. Mwalimu aliamini kwamba kama wangepata mnunuzi wao wenyewe, mtu wa kuwajua kwa majina, wangeacha kung'oa. Alilisema hilo asubuhi akivua kanga ya baridi na alilisema jioni akiivaa tena. Mtu yeyote aliyekaa naye siku moja alilijua.

Lakini nisitangulie mno. Nianze na masikio, maana ndiyo yaliyomfanya akumbukwe.

Kama umewahi kutumia tovuti yoyote umeyaona, hata kama hukuyapa jina. Chukua ukurasa wenye mambo mengi. Ukiyapanga yote chini kwa chini, msomaji atashuka mpaka kidole kimuume. Kwa hiyo unaweka juu vichwa vitatu au vinne kwenye mstari mmoja. Ukibonyeza kimoja, maelezo yake yanatokea hapo chini, na maelezo ya vingine yanajificha. Ukibonyeza kingine, yale ya kwanza yanapisha. Ukurasa haubadiliki, mahali ni palepale, kinachobadilika ni nani yuko mbele. Siku hizi nasikia watu wakiviita vichupo. Sisi tuliviita masikio, kwa sababu siku ya kwanza ya somo hilo Mwalimu alikuja na faili nene la zamani lenye makadi ya kugawanya karatasi, kila kadi ina kipande kidogo kinachochomoza juu, kimeandikwa jina.

"Haya ni masikio," alisema akiyapitisha kidole. "Karatasi zimelala, lakini masikio yako nje. Ukilishika sikio, karatasi zake zinaamka."

Kutokana na hayo masikio alitupa sheria, na hakuna mwanafunzi wake aliyezisahau. Jina la sikio liwe neno moja au mawili, la kueleweka kabla ya kubonyeza. Sikio lililofunguliwa liwe na rangi ileile ya maelezo yake na lisitenganishwe nayo kwa mstari, ili jicho lione kwamba ni kitu kimoja. Na mtu anapofika, pawepo na sikio moja ambalo tayari limefunguliwa. Mwanafunzi mmoja alileta ukurasa wenye masikio matano, yote yamefungwa, chini kweupe. Mwalimu aliutazama, akavaa miwani, akautazama tena.

"Mgeni amepiga hodi," alisema. "Wenyeji mko wapi?"

"Wamo ndani, Mwalimu. Abonyeze tu."

"Na sebuleni hakuna mtu? Hata paka?"

Chumba kizima kilicheka, na yule mwanafunzi akacheka pia, kwa sababu Mwalimu alikuwa na namna ya kukukosoa huku akikusogezea kiti. Kisha alikaa naye mpaka wakafungua sikio la kwanza.

Alitufundisha pia kuhama kutoka sikio moja kwenda jingine kwa vitufe vya mishale, bila kipanya. Watu wa vituo vingine walituona kama tunajisumbua. Lakini vipanya vya wakati ule vilikuwa na kimpira kinachoviringika chini, na kikishika vumbi mshale kwenye skrini ulikwama kama mbuzi aliyegoma. "Siku kipanya kikifa," alisema, "msomaji wako asife nacho." Miaka mingi baadaye nilipokutana na mtu asiyeona akisoma tovuti kwa kusikiliza, akitumia vitufe peke yake, nilielewa kwamba Mwalimu alikuwa ametufundisha jambo kubwa kuliko vumbi. Sidhani kama mwenyewe alilijua. Alikuwa anapigana na vumbi.

Na alipenda masikio kwa sababu nyingine ambayo mtu wa leo huenda asiielewe. Intaneti ilipita kwenye simu ya mezani, modemu ikipiga kelele kama bati linaloburutwa, na laini ilikatika ilipotaka. Ukurasa wa kawaida wenye viungo vya kwenda kurasa nyingine ulikuangusha njiani. Ukurasa wa masikio ulikuja wote mara moja. Ukishafika, laini hata ikikatika, unaendelea kubonyeza na kusoma. "Umebeba mzigo wote kwa safari moja," alisema. Ila alikataza kujaza picha kubwa kwenye masikio yaliyofungwa, kwa sababu picha hizo hushuka pamoja na ukurasa hata kama hakuna anayezitazama, na msomaji anasubiri asichokijua.

Mwenye duka la chini, mzee wa Kihindu aliyezaliwa Moshi na kuongea Kiswahili kwa kasi kutushinda sisi, hakuyapenda masikio hata kidogo. Alipanda ngazi siku moja kuona ukurasa wa duka lake tuliokuwa tunamtengenezea.

"Dada, hapana," alisema. "Hapa naona vitenge tu. Vitambaa vya suti viko wapi? Mashuka?"

"Bonyeza pale juu."

"Kwa nini abonyeze? Mteja haoni, mteja hanunui. Mimi duka langu lote nimelitoa barazani."

"Lote?" Mwalimu alimtazama kwa upole. "Na kile chumba cha nyuma chenye vitambaa vya sare za shule?"

"Aa, sare ni kitu kingine. Anayetaka sare anauliza."

"Anaulizaje kama hajui kipo?"

"Kuna kibao! Nimeandika, Sare Zipo Ndani."

Mwalimu alishika kipanya. Alimwonyesha tu sikio lililoandikwa Sare. Yule mzee alilitazama, akamtazama yeye, akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi weka," alisema. "Lakini vitenge vibaki mbele, dada. Vitenge ndiyo vinavyoita watu." Vitenge vikabaki mbele.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kutia masikio kila mahali. Hapo ndipo wanafunzi walipochanganyikiwa, kwa sababu baada ya kuyasifu wiki nzima, wiki iliyofuata aliyakataza. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani aliweka njia tatu za kupanda, kila njia na sikio lake, kila sikio na siku zake na mahitaji yake. Mwalimu alimwita mbele. Alikuwa na mfuko wa mtumba ndani yake mna mashati matatu. Alitoa shati moja, akamwonyesha, akalirudisha. Akatoa la pili, akalirudisha. La tatu, vivyo hivyo.

"Lipi refu?"

"La... la pili? Mwalimu, yatoe yote niyaone."

"Kwa nini?"

"Nitalinganishaje moja likiwa mfukoni?"

"Mwambie na mgeni wako hivyohivyo," alisema, na yule kijana akarudi kwenye kiti chake akiwa ameshaanza kufuta. Vitu vya kulinganishwa vikae mezani pamoja. Vitu ambavyo kila mtu anatafuta kimoja chake, hivyo ndivyo vya masikio.

Mwenyewe hakuishi kwa sheria zake. Mtu huyu aliyeweza kupanga mambo ya ofisi nzima alikuwa na mkoba ambao hakuna aliyethubutu kutia mkono: funguo, rozari, disketi, kipande cha sabuni, ndizi mbivu, risiti za mwaka uliopita, vyote pamoja. Akitafuta kalamu alimwaga kila kitu mezani. Alitufundisha kuandika kwa maneno machache, lakini ukimuuliza habari za nyumbani ulikosa basi. Na ingawa alikuwa hodari wa kuficha maelezo nyuma ya masikio, hakuweza kuficha siri ya mtu hata akijaribu. Ukimweleza jambo la faragha saa nne, saa sita mwenye duka alikuwa anakupa pole. "Nilimwambia yeye tu," alijitetea, na alimaanisha hivyo.

Sasa nirudi Masama.

Mgeni mmoja kutoka ng'ambo, mnunuzi mdogo wa kahawa, alipita parokiani kwao na kuonja kahawa ya kikundi chao. Aliipenda. Alipoondoka aliacha neno: watengeneze ukurasa wa kuwaonyesha wakulima wenyewe, yeye atautazama pamoja na wenzake kabla ya msimu, kisha aamue. Kikundi kilikuwa na vitongoji vitatu: Mtoni, karibu na barabara, alikoolewa Mwalimu, Kati, penye mashine ya kumenyea kahawa, na Juu, chini ya msitu, penye kahawa nyingi kuliko vile viwili. Bila Juu hapakuwa na mzigo wa kumtosha mnunuzi yeyote. Mwalimu alijua hilo, na kila mtu alijua.

Tulitengeneza ukurasa kwa moyo wote. Masikio matatu, Mtoni, Kati, Juu, kwa mpangilio ambao mgeni angepanda kutoka barabarani. Kila sikio na picha ya wakulima wake na maneno yao. Lakini Masama hapakuwa na kompyuta ya kuwaonyesha wazee, kwa hiyo Mwalimu akachapa nakala kwenye printa, akaziweka kwenye mkoba ule, na Jumapili baada ya misa tukakutana na kikundi kwenye uwanja wa mashine. Alinichukua niende naye.

Karatasi zilipita mkono kwa mkono. Mzee Aloisi, mkubwa wa wakulima wa Juu, aliisoma yake polepole. Kisha akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Akaigeuza tena mbele, akaigeuza tena nyuma.

"Mwalimu," alisema. "Sisi wa Juu tuko wapi?"

Hapo ndipo mimi na yeye tulipotazama karatasi kwa mara ya kwanza kama wao walivyoitazama. Printa huchapa kilicho mbele. Juu ya karatasi kulikuwa na majina matatu, na chini yake watu wa Mtoni peke yao, wakitabasamu. Watu wa Mtoni, yaani shemeji zake.

"Mpo, mzee," alisema Mwalimu. "Jina lenu lile pale juu."

"Jina naliona. Hata kaburi lina jina. Nauliza watu."

"Wapo nyuma ya..."

"Nyuma nimetazama!" Akaipeperusha ile karatasi. "Nyuma hakuna kitu!"

Watu wa Kati nao wakaanza kugeuza karatasi zao. Mama Eligi, mkulima wa Juu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alisema, "Nilijua. Nilisema tangu mwanzo, anayeshika kalamu anaanza na kwake." Mtu akaguna. Mzee Aloisi aliikunja karatasi yake vizuri, akaitia mfuko wa koti.

"Kesho Jumatatu," alisema, "nang'oa mibuni yangu. Nilikuwa nasubiri nione kama kuna maana. Nimeona."

Mwalimu aliitazama tena karatasi ile. Alisimama na ule mkoba kifuani. Nilidhani atalia. Badala yake aliuweka chini, akavua miwani, na kusema, "Mama Eligi, njoo hapa. Na wewe mama wa Kati. Na wewe shemeji yangu. Simameni mbele ya wazee."

Walisogea, wakinung'unika. Aliwapanga mmoja nyuma ya mwingine, shemeji yake mbele, kwa hiyo wazee waliokaa kwenye mabenchi walimwona huyo mmoja tu.

"Mzee Aloisi, unaona wangapi?"

"Mmoja. Wa Mtoni. Kama kwenye karatasi yako."

"Lakini wamesimama wangapi?"

Mzee aliinama pembeni, akawahesabu kwa ncha ya fimbo yake.

"Sasa toa karatasi. Gonga kwa fimbo jina unalolitaka."

Akaitoa kwa kusitasita, akaitandaza gotini, akagonga. "Juu."

"Mama Eligi, umeitwa. Pita mbele. Wewe shemeji, rudi nyuma."

Mama Eligi akapita mbele, mikono kiunoni. Mtu akacheka. Mzee akagonga tena. "Kati." Mama wa Kati akapita mbele. "Juu." Akarudi Mama Eligi. "Mtoni. Juu. Kati. Juu." Sasa watoto walikuwa wanashangilia na wale watatu wanapishana kama wanacheza ngoma.

"Juu!" alisema mzee, akigonga mara mbili.

"Mzee, nipo tayari hapa mbele!" alilia Mama Eligi akihema. "Miguu yangu si ya umeme!"

"Kompyuta inafanya hivi," alisema Mwalimu. "Wote watatu wamo. Karatasi haina mtu wa kumpisha mwenzake, ndiyo maana imebaki na mmoja. Kosa ni langu. Nilileta karatasi kueleza kitu ambacho karatasi haikiwezi."

Mzee Aloisi aliitazama fimbo yake. Nilidhani tumevuka. Lakini alikuwa mzee makini, na alikuwa bado hajamaliza.

"Nimeelewa. Ila kabla sijagonga, nani yuko mbele?"

"Lazima mmoja awe mbele, mzee."

"Basi iwe Juu. Maji ya mfereji yanaanzia kwetu. Nyinyi wote mnakunywa tulichowaachia."

"Na mashine ya kumenya iko wapi?" aliuliza mtu wa Kati. "Kahawa yenu inamenyewa hewani?"

"Barabara iko kwetu," alisema mtu wa Mtoni, na kelele zikaanza upya, mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa hawakuwa wanabishana na Mwalimu, walikuwa wanabishana wao kwa wao, na ubishi huo ulikuwa na umri mkubwa kuliko kahawa yenyewe.

Wakati huo mama mmoja aliyekuwa amepika mbege, pombe ya ndizi, alikuja na kata ya kwanza. Alisimama mbele ya Mzee Aloisi, akanywa yeye mwenyewe funda moja, kama ilivyo kawaida, ndipo akampa mzee.

"Mzee," alisema Mwalimu, "huyu mama amekunywa kabla yako. Ni mkubwa kuliko wewe?"

"Ukubwa gani? Anaonja. Nijue kwamba ni salama."

"Na asingeonja?"

"Nisingeipokea. Na ningemuuliza nimemkosea nini."

Watu walicheka. Mwalimu akangoja wamalize.

"Mnunuzi naye ni mgeni. Bado hajatujua. Anataka kuonja kwanza. Sikio la mbele lisiwe la Juu wala la Kati wala la Mtoni. Liwe la kahawa. Ilivyo, inavyoiva, inavyomenywa, na majina ya vitongoji vyote vitatu yakiwa hapohapo. Anayeonja hana cheo. Baada ya hapo atagonga anakotaka."

Mzee Aloisi alikunywa mbege yake. Aliifuta midomo. "Nitakuja mjini kuona kwa macho yangu," alisema. "Nikishaona, nitajua la kufanya."

Jumatatu niliongeza sikio la nne, nikalitanguliza, na nikaandika maelekezo ya kuiambia printa kwamba ukurasa ukichapwa, masikio yote yafunguke, moja chini ya jingine. Tangu siku hiyo Mwalimu hakumpitisha mwanafunzi ambaye hakuwa amechapa ukurasa wake kwenye karatasi na kuutazama.

Mzee alikuja Jumanne, amevaa koti lilelile. Alikataa kipanya, akatumia vitufe vya mishale kwa kidole kimoja. Alipita Kahawa, akapita Mtoni, akapita Kati, hakuruka hata kimoja. Alipofika Juu alijiona mwenyewe kwenye picha, kofia mkononi. Alisogeza uso karibu na skrini.

"Mnunuzi anaona hivihivi?"

"Hivihivi, mzee. Akibonyeza."

"Na asipobonyeza?"

Mwalimu alikuwa na jibu la kila swali la kompyuta, lakini nilimwona akiliwaza hilo kama mtu aliyepewa mzigo. "Asipobonyeza," alisema mwishowe, "siwezi kumlazimisha. Atakuwa ameonja akaondoka."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Nadhani alilipenda jibu kwa sababu halikumdanganya. Alishuka ngazi bila kusema atafanya nini na mibuni yake, na kwa wiki nyingi Mwalimu alishtuka kila aliposikia mtu wa Masama akiingia chumbani, akitegemea habari mbaya. Haikuja.

Mnunuzi alibonyeza. Aliandika akiuliza habari za yule mzee mwenye kofia. Alinunua misimu kadhaa, kisha kampuni yake ikapatwa na mambo yake huko na akaacha. Wapo waliong'oa baada ya hapo, siwezi kusema uongo, na ukipita Mtoni leo utaona nyanya nyingi. Mwalimu alistaafu tena, safari hii kwa hiari yake. Mimi nilihamia mji mwingine, na ukurasa ule ukazimika siku ambayo hakuna kati yetu aliyeijua.

Mara ya mwisho kumwona nilipanda Masama kumsalimu. Alikuwa amekonda, anatembea na fimbo, na hakuniacha nikae hata kidogo. "Twende Juu," alisema. "Kuna kitu nataka ukione." Tulipanda taratibu, yeye akipumzika kila kwenye daraja la mfereji, akinieleza habari za watu ambao waliwahi kumwambia mambo ya faragha.

Tulipofika kwenye shamba la Mzee Aloisi nilisimama ghafla. Kati ya migomba, mahali palipokuwa na mibuni mirefu ya zamani, palikuwa na visiki. Mstari baada ya mstari, vimekatwa chini, usawa wa goti.

"Mwalimu, ameing'oa."

"Inama," alisema.

Niliinama. Visiki vilikatwa kwa mshazari, safi, ili maji yasituame juu. Na ubavuni mwa kila kimoja, machipukizi, manne, matano, ya kijani ya kung'aa.

"Mbuni ukizeeka unaukata hivi," alisema Mwalimu, kwa sauti yake ileile ya darasani. "Mizizi bado ina nguvu. Unaacha machipukizi mawili, mengine unayatoa, la sivyo yote yatakuwa membamba. Misimu kadhaa hupati hata debe moja. Baadaye inazaa kama mipya."

Mzee Aloisi alikuwa mwisho wa mstari, amekaa kwenye kigoda, kisu kidogo mkononi. Alikuwa mzee sana. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama.

"Ni yule wa kompyuta?"

"Ndiye mimi, mzee."

Nikavitazama tena vile visiki. "Misimu kadhaa bila mavuno," nikaongeza, kisha nikajuta, kwa sababu wote watatu tulikuwa tunafikiria jambo moja kuhusu umri wake.

"Usinihesabie, mama," alisema bila kukasirika. "Kaa hapa. Macho yangu hayaoni vizuri, na huyu mwalimu wako anaongea kuliko anavyofanya kazi. Anza na kile kisiki, ubakize mawili."

Nilipiga magoti kwenye udongo wenye unyevu. Nikashika chipukizi la kwanza, lililokuwa karibu.

"Si hilo," walisema wote wawili kwa pamoja.

Nikaliacha, nikashika linalofuata.